Nilivyofuta mwangwi kwa fulana

Sawa, najua mmeshaisikia. Mshikaji wangu aliisambaza hata mikono yangu haijakauka mafuta, na kwenye simulizi yake eti nililia. Sikulia. Ile ilikuwa spiriti, iliniingia machoni.

Ugonjwa wangu mnaujua: mtu akifika na pedali ya zamani ya gitaa, kile kidude cha kukanyaga kinachobadili sauti, hajauliza nimeshajibu. Fuzz Face naitambua gizani, duara kama kitako cha stendi ya maikrofoni. Maestro Fuzz-Tone ya 1962, kabari ile. Basi jamaa akaniletea dubwana la chuma linalong'aa, zito, lina waya wake wa umeme wa ukutani. Maandishi yote yamelika kwa kukanyagwa. Ya marehemu baba yake mdogo. (Hapo kwenye marehemu pashikeni, tutaparudia.)

"Unaijua hii?"

"Kaka, lete bisibisi."

Nikafungua. Mgongoni mwa potenshomita, kile kitufe cha kuzungusha cha kurekebisha sauti, kulikuwa na namba 1377512, nikamsomea kama mganga anayesoma kiganja: 137 ni kiwanda, CTS, 75 ni mwaka 1975, 12 ni wiki ya kumi na mbili. Kwa hiyo haikuundwa kabla ya hapo. Jamaa akaguna kwa heshima. Chini ya kikanyagio nikakuta kitaa na kijicho cha kupokea mwanga: ukikanyaga, mwanga unaofika kwenye kijicho unabadilika, na sauti nayo inapanda au kushuka. "Morley," nikatangaza. "Ya volyumu tu hii."

Ningekata roho dakika ile, ningezikwa na heshima zangu.

Ila kulikuwa na kopo. Bapa, la duara, kama la dawa ya viatu, limefungwa mkanda wa mpira unaotoka kwenye mota. Nikalitikisa. Chwa, chwa.

Sasa twendeni polepole, maana hapa ndipo ninaposhtukia usiku.

"Imeingia maji," nikasema, kwa sauti ya daktari anayetoka chumba cha upasuaji. Nikalifungua kopo. Ndani, kisahani cha alumini kimelowa mafuta. Mwenye akili angejiuliza: nani atie mafuta kwenye kopo, alifunge vizuri, kisha aliunganishe na mota, yote kwa bahati mbaya? Mimi nilijiuliza kitambaa kiko wapi. Nikachukua fulana kuukuu. Nikafuta ukingo. Nikafuta kisahani, nikakigeuza, nikafuta na mgongo. Nikachovya pamba kwenye spiriti, nikaingia kwenye kona. (Nyie mnaosema mimi si mtu wa usafi, mko wapi?)

"Una uhakika?" jamaa akauliza.

Nikampigapiga begani kumtuliza. Kwa mkono ule ule. Shati jeupe.

Nikafunga, tukachomeka. Mota ikanguruma. Akapiga noti moja. Ikatoka, ikaisha. Akapiga nyingine. Ikaisha. Akaiangalia pedali, akaniangalia mimi.

"Ba'mdogo alikuwa akipiga moja, inamrudia tatu, nne, kama inatoka kisimani."

Nikamwambia tusubiri ipate moto.

Tukasubiri. Watu wazima wawili, tumekaa sakafuni, tunasubiri alumini kavu ipate moto.

Mwisho nikampigia mzee mmoja, fundi wa siku nyingi. Shikamoo, marahaba, nikaeleza. Kimya. Kisha: "Mwanangu, hayo mafuta umeyaweka wapi?"

Kumbe Tel-Ray, kampuni iliyoizaa Morley, ndio waliobuni mwangwi wa kopo la mafuta. Sauti inaandikwa kama chaji ya umeme kwenye kile kisahani kinachozunguka, utando wa mafuta unaihifadhi, halafu inasomwa mbele kidogo ikiwa imechelewa. Huko kuchelewa ndiko mwangwi wenyewe. Mzee akaniongezea kwamba hata jina Morley ni utani kwa spika za Leslie, zile zinazozungusha sauti: kwa Kiingereza jina la Leslie linaanza kama neno la "pungufu" (less), hivyo wao wakajiita "zaidi" (more).

"Yako sasa imekuwa Leslie," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Simu ilikuwa kwenye spika. Jamaa alisikia yote.

Yaliyofuata ni mafupi: nimeomba radhi, nimefua shati mara mbili na doa liko palepale, mafuta yanayofaa bado nayasaka, na hapana, si ya injini, acheni kunitumia picha za ya injini. Ikitumika kama pedali ya volyumu, inafanya kazi safi kabisa, jambo ambalo nimeshauriwa nisilitaje tena mbele ya jamaa.

Ile fulana ameichukua. Ameitia kwenye chupa ya kioo, akakaza kifuniko, akabandika karatasi: BA'MDOGO, NOTI TATU AU NNE, USIFUE.