Waya, giza na mama mkwe

Mwaka mzima kompyuta yangu ya mezani ilipata intaneti kwa waya uliotoka kwenye ruta sebuleni, ukakata korido, ukaingia chumbani. Siku mama mkwe alipojikwaa nao, birika la chai mkononi, mke wangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Chagua."

Kesho yake nilikuwa Kariakoo. Kijana wa dukani akanipa kidude cha waifai, kadogo kama ukucha, shilingi 25,000. "Unachomeka tu, mzee."

Nikachomeka. Kimya. Kumbe kinataka draiva, ile programu ya kukitambulisha kwa kompyuta, nayo iko kwenye sidii iliyomo boksini, na mlango wa sidii wa kompyuta yangu uligandishwa na ubuyu wa watoto zamani sana. Basi niishushe mtandaoni. Mtandao upi, wakati ndio ninaoutafuta? Ufunguo wa sanduku umo sandukuni.

Nikampigia mpwa wangu. Alicheka kwanza, ndipo akanielekeza: unganisha simu na kompyuta kwa waya wa chaji, simu igawe intaneti. Draiva ikashuka, waifai ikaonekana, ila kamstari kamoja. Akasema nimechomeka nyuma, bati la kompyuta linaziba mawimbi, nihamishie mbele.

Mbele kuna tundu moja tu zima, na limekaliwa na kidude cha kipanya changu kisicho na waya. Nikachomoa vyote viwili, nikaviweka mezani. Umeme ukakatika.

Nikapapasa gizani, nikapata kimoja, nikachomeka. Umeme uliporudi, waifai hakuna hata dalili. Kipanya kilikuwa kinateleza vizuri, nikashukuru angalau hicho hakijaniangusha. Nikazima ruta, nikawasha. Nikabadilisha nenosiri, nyumba nzima ikakosa intaneti, watoto wakaanza kunitazama kama mgeni. Saa nne usiku mpwa akaja mwenyewe.

"Mjomba, kidude cha kipanya kiko wapi?"

"Kimepotea gizani. Achana nacho."

"Sasa kipanya kinatembea na nini?"

Nilinyamaza. Tukasogeza meza, tukamulika mpaka chini ya kitanda. Mama mkwe akatokea mlangoni na kopo lake la vifungo.

"Mnatafuta haka? Nilipokuja na mshumaa nilikakuta sakafuni, nikadhani kifuniko cha kalamu."

Mpwa akakachomeka. Mistari ikajaa yote. Mama mkwe akaangalia kompyuta, akaangalia korido.

"Kwani, baba, ule waya ulikuwa na ubaya gani?"