Dibaga inayoachilia faili haijakosea

Jumamosi tunafundisha vijana lugha ya C katika chumba kimoja karibu na Ngong Road, Nairobi. Wengi huja na laptopu za mtumba walizonunua Luthuli Avenue, zenye Windows. Juma lililopita binti mmoja alikuwa amesimamisha programu yake ndani ya GDB, ambayo ni dibaga, yaani programu ya kusakia hitilafu za programu nyingine. Akarekebisha mstari mmoja kwenye dirisha la pili, akaita gcc, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu. Akajibiwa "Permission denied". Akaandika `kill`, amri ya kuiua programu ile, humo humo ndani ya GDB, bila kutoka, akajaribu tena, ikapita.

Mwalimu mwenzangu, mtu ninayemheshimu sana katika kazi hii, akasema hapo ndipo GDB inapomchosha. Inafungua faili ya programu, inaifunga, kisha inaifungua tena. Kwake, dibaga ingefungua mara moja na kushikilia mpaka kazi iishe. Nimeyasikia haya kwa wengi, na naona upande wa kufunga haujapata wa kuutetea.

Hoja yake si nyepesi. Dibaga iliyofunga faili huirudia kwa jina, na jina lile laweza kuwa limeshapewa faili nyingine. Ukapata majina ya funksheni ya toleo la asubuhi na namba za mistari za toleo la mchana, ukahangaika saa nzima na hitilafu ambayo haipo. Kwenye Linux aliyeshikilia faili huendelea kuiona ile ile hata jina lake likifutwa, kwa kuwa inodi, yaani faili yenyewe kwenye diski mbali na jina lake, haiondoki hadi wa mwisho aiachilie. Na faili zikiwa kwenye NFS, yaani kwenye mashine nyingine inayofikiwa kwa mtandao, kila kufungua ni safari ya mtandaoni.

Ila kinga hiyo ina sharti ambalo watetezi wake hawalitaji: anayeleta toleo jipya lazima aunde faili mpya. Linka ya GNU, inayounganisha vipande kuwa programu moja, hufanya hivyo, hufuta ya zamani kwanza. `mv`, amri ya kuhamisha faili, nayo huweka inodi mpya mahali pa ile ya kwanza. Lakini `cp`, amri ya kunakili, juu ya faili iliyopo huimwaga iliyokuwamo na kuandika ndani ya inodi ile ile. Hapo anayeshikilia hajakingwa na chochote. Baiti zinabadilika mkononi mwake. Linux hukataa kuandikwa juu ya programu inayokimbia, lakini maktaba za `.so`, msimbo ambao programu huupakia inapokimbia, hazina ulinzi huo. Kwa hiyo kushikilia hukupa uthabiti siku ambayo wengine wamekuwa waangalifu, na siku wasipokuwa hukupa imani tu kwamba unao.

Kwenye Windows mambo ni makali zaidi. Programu ikiwa hai, mfumo wenyewe huizuia faili yake isiandikwe, na hilo dibaga haiwezi kulizuia. Lakini programu ikishakufa, faili ikiendelea kushikiliwa na dibaga, kompaila itaendelea kukataliwa na mwanafunzi atadhani amekosea yeye. Binti yule alipita kwa sababu GDB iliachilia. Dibaga inayoshikilia faili ya programu iliyokwisha ni kama abiria aliyeweka mkoba kwenye kiti cha matatu huku watu wamesimama.

Halafu kuna hesabu. Hapa ndipo ninapopapenda, na ndipo watu hupapita haraka. Kwenye mashine nyingi za Linux `ulimit -n` hujibu 1024: hizo ndizo faili ambazo mchakato mmoja, yaani programu moja inayokimbia, waweza kuwa nazo wazi kwa wakati mmoja, kila moja na namba yake. BFD, maktaba ambayo GDB huitumia kusoma bainari (faili za programu zilizokwisha kukompailiwa), haijichukulii zote. Hugawa kikomo kwa nane, isishuke chini ya 10, na katika 1024 hujipa 128. Zikijaa, hufunga ile iliyokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa, na ikihitajika tena huifungua na kurudi pale ilipoishia kusoma. Sasa chukua programu yenye maktaba 200, kila moja na faili yake ya taarifa za udibagi kando. Hizo ni 400, mara tatu ya fungu la BFD. Ukiongeza faili za GDB yenyewe, mabomba na soketi zake (njia za kuzungumza na programu nyingine), utaona kwa nini sehemu moja ya nane si uchoyo. Maktaba inaishi ndani ya programu ya mtu mwingine, na haina haki ya kummalizia namba zake. Wanaosema hizi ni tabia za enzi za Unix toleo la 7, mchakato ulipokuwa na faili 20 tu, wanasahau kwamba programu zetu nazo zimenenepa.

Pia dibaga ndiyo inayoizaa programu inayochunguzwa. Faili ilizoacha wazi bila alama ya kufungwa wakati wa exec, hatua ya kuanzisha programu mpya, hurithiwa na mtoto. Programu ambayo nje ya dibaga ingepewa namba 3 kwa faili yake ya kwanza, ndani yaweza kupewa 7, na hitilafu inayotegemea namba hizo itajificha au itazuka upya. Alama hiyo huwekwa, na Linux iliirahisisha mwaka 2007 kwa O_CLOEXEC, lakini faili iliyokwisha kufungwa haihitaji mtu akumbuke kuiweka.

Ninapokubaliana na mwenzangu ni kwenye kuirudia faili iliyofungwa. Ukiandika `run` ili kuanzisha programu, GDB hutazama muda faili ilipobadilishwa mara ya mwisho, na ikiona tofauti huitangaza na kusoma upya. Muda huo ukihesabiwa kwa sekunde nzima, programu ndogo iliyojengwa mara mbili ndani ya sekunde moja itapita kimya. Tayari GDB hulinganisha kifaa, inodi, ukubwa na muda inapoamua kama faili mbili ni moja. Vinne hivyo vikumbukwe kila faili inapofungwa, vikaguliwe kila inapofunguliwa tena kwa jina, na kimoja kikitofautiana yaliyosomwa yatupwe na kusomwa upya. Hilo ningependa alidai pamoja nami, badala ya kudai mlango usifungwe kabisa.