Karatasi Nyekundu ya Brussels, Msalaba Mwekundu wa Bukavu

Juzi natoka kazi ya usiku, nakuta karatasi nyekundu imebandikwa kwenye dirisha la jirani yangu hapa Ixelles, komini moja ya Brussels. Nilisimama kwenye baridi nikaisoma mpaka mstari wa mwisho. Jirani anataka kuongeza etaji (ghorofa) moja juu ya nyumba yake. Ramani ziko kwenye ofisi ya komini, kila mtu anaweza kwenda kuziangalia. Wakaaji wana siku 15 za kuandika wanachofikiri, halafu tume itakaa, na mwenye neno aje alitoe mbele yake. Yaani mimi, mpangaji, mtoto wa Kadutu kule Bukavu, mashariki mwa Kongo, naulizwa kama nyumba ya mtu mwenye hati zake zote itanizibia mwanga.

Nina miaka 19 huku. Karatasi za namna hiyo nimezipita mara nyingi bila kusimama. Ya juzi ilinichoma kwa sababu wiki ileile mama alinipigia simu kutoka Bukavu akililia ukuta wake.

Rangi nyekundu kwetu tunaijua. Ni ule msalaba unaopigwa ukutani, na maneno ya kwamba nyumba ibomolewe. Unakuja wakati nyumba imeshasimama, simenti imeshakauka, manjanja, yaani mabati, yanang'aa juu. Huku nyekundu inatangulia tofali la kwanza. Kwetu inafuata nyuma, na mara nyingi ikifika jirani ameshaumia.

Mama anakaa Buholo, mtaa wa Bukavu. Wandugu wa kule mnapajua pale mlima unavyosimama. Mwenye parseli, yaani kiwanja, ya juu yake alikata mlima apate uwanja wa kusimamisha etaji mbili. Udongo aliochimba akausukuma chini. Hakuja kusema hata hodi. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, tope liliangusha ukuta wa mama, likaingia jikoni, likaizima mbabula, lile jiko la makaa, na kuijaza sufuria ya bugali. Mama ana miaka 71. Alitoa lile tope kwa karai mpaka saa sita mchana, akisaidiwa na watoto wa jirani.

Akaenda kushitaki kwenye ofisi moja ya mjini. Akaambiwa alipe usafiri wa wakaguzi. Akalipa, pesa niliyomtumia ya dawa. Wakaja watu wawili na kopo la rangi, wakapiga msalaba mwekundu kwenye nyumba ya juu, na siku hiyo mama alinipigia kwa furaha. Wiki mbili baadaye msalaba ulifunikwa na rangi ya kijani, mafundi wakaanza etaji ya tatu. Ule msalaba, kumbe, ulikuwa wa kumwita mwenye nyumba aende kulipa.

Najua mtakachosema. «Huyu ameshakuwa mzungu.» Wandugu, hapana. Bukavu naibeba kifuani. Sijaona mji mwingine uliokaa ndani ya maji kama vidole vya mkono, na huku nimetembea. Utotoni tulikuwa tunashuka kwa miguu Jumapili, tunapita Nyawera mpaka upande wa La Botte, rasi ya Ziwa Kivu, tunakaa kwenye majani kusubiri mitumbwi ya kuvua sambaza, wale samaki wadogo, iwashe taa zake na wavuvi waanze kuimba. Leo ukishuka njia ileile unaona kuta, mageti, na walinzi wanaokuuliza unamtafuta nani. Ziwa lipo nyuma yao. Sheria ya Kongo ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali, maana yake ni yetu sote, na katika sisi sote sijasikia hata mmoja aliyeulizwa kabla ya ziwa kufungwa.

Wala Wabelgiji sitawasifu bure. Walipoujenga mji wetu wa Bukavu wakauita Costermansville, hawakuwauliza Bashi, wenyeji wa pale. Rasi nzuri za ziwani walijiwekea wao, Mwafrika wakamtengea Kadutu na Bagira. Hata kwao waliumizana. Mwaka 1965 walibomoa Maison du Peuple hapa Brussels, jengo lililochorwa na Victor Horta, ambalo leo wanalililia. Pale Quartier Nord, mtaa wa kaskazini mwa Brussels, walifukuza familia maelfu ili wasimamishe minara ya ofisi. Mwaka 1969 wakaaji wa Marolles, mtaa wa watu wa kawaida hapa Brussels, walikataa mitaa yao iliwe na upanuzi wa majengo ya mahakama, wakapigana mpaka wakashinda. Desturi ya kumuuliza mkaaji iliingia kwenye sheria zao baada ya hapo, miaka ya 1970. Ililetwa na watu wa mitaani waliochoka. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie ni mambo ya wazungu. Cha wazungu kweli tulichorithi ni ile tabia ya kujenga bila kuuliza, na inaniuma kuona tumeitunza vizuri hivi.

Mwingine atasema: watu wamekimbia vita vijijini, unataka walale wapi wakisubiri karatasi yako? Hilo ni swali la haki. Vita mnaijua kuliko mimi. Mama mkimbizi aliyefika mtaa wa Cimpunda na godoro kichwani, akasimamisha mbao nne, simnyoshei kidole. Nasema juu ya yule mwenye simenti na vyuma, anayeweza kungoja wiki mbili. Ila hata kwenye mbao, mkisemezana mapema mtaachiana njia. Mmeona Kadutu moto ukiwaka: gari la maji linabaki barabarani juu, watu wanabebana ndoo.

Halafu desturi yenyewe si ngeni kwetu. Parokiani ndoa inatangazwa Jumapili tatu mfululizo, na anayejua kizuizi anaombwa aseme. Kanisa zima linaulizwa juu ya watu wawili watakaolala nyumba moja. Basi mtu anayekata mlima juu ya vichwa vya familia kumi atangazwe naye. Karatasi moja kwenye mlango wa shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, wiki mbili, jina la mwenye parseli na kimo cha nyumba. Shefu anamjua kila mtu, na majirani wanajua maji yanapita wapi kuliko mkaguzi yeyote. Wakati huo ndipo neno la mama lingekuwa na kazi, kabla ya jembe la kwanza.

Komini niliwaandikia mistari minne. Sina kizuizi juu ya etaji ya jirani, ila mafundi wasianze kelele kabla ya saa tatu asubuhi, maana natoka kazi ya usiku. Wamenijibu kwamba barua imepokelewa na itasomwa kwenye kikao. Mama kule Buholo ananunua mawe ya kujenga ukuta wake mara ya tatu, na mvua ya mwezi wa tisa imeshaanza.