Programu huria za kukagua nyaraka: mwizi naye anazisoma

Wanaopinga programu huria, yaani zenye msimbo ulio wazi kwa wote, za kukagua kama nyaraka zina virusi wana hoja moja isiyofaa kubezwa: ukianika msimbo wa mkaguzi, umemwonyesha mwizi mahali ambapo mkaguzi hatazami. Anaipakua olevba, mojawapo ya programu hizo, bure kama mtu mwingine yeyote, analijaribia faili lake usiku kucha, na hatumi barua pepe mpaka programu inyamaze.

Yamewahi kutokea. Makro ya Word, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya waraka, huhifadhiwa kwa sura mbili ndani ya faili lilelile: msimbo unaosomeka na binadamu, na p-code, yaani msimbo huohuo ukiwa umeshaandaliwa kwa ajili ya mashine. Ukifuta ule wa kwanza na kubakiza wa pili, Office ya toleo linalolingana itaendesha p-code bila kusita, huku mkaguzi anayesoma msimbo peke yake akiona ukurasa mtupu. Mwaka 2019 Outflank, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitoa EvilClippy, programu inayofanya hila hiyo, nayo ni huria vilevile!

Ila dawa nayo ilipatikana uwanja uleule. Vesselin Bontchev, mtafiti wa virusi vya kompyuta, alikuwa ameshatoa pcodedmp, programu inayosoma p-code moja kwa moja. Olevba, sehemu ya oletools, mkusanyo wa programu za ukaguzi za Philippe Lagadec, ikaitumia: sasa hulinganisha sura zote mbili na kuonya zikipishana. Hakuna aliyenunua leseni wala kusubiri mkataba. Na bidhaa iliyofungwa je? Mwizi huinunua akaijaribu vilevile. Kufungwa kwake humficha kasoro mteja kuliko kumficha mwizi, kwa hiyo hoja ile ya kwanza mimi hainitishi sana.

Kinachonitisha ni usomaji wa majibu. Programu hizi hueleza kilichomo ndani ya faili. Nia ya aliyelitengeneza hazijui. Pdfid ya Didier Stevens, inayokagua PDF, huhesabu maneno kama /JavaScript (msimbo uliomo ndani ya faili) na /OpenAction (kitendo cha kufanyika faili likifunguliwa), lakini hata fomu halali inayojijumlishia hesabu hutumia JavaScript. Mraptor, nayo ya oletools, hujaribu kutoa hukumu: makro inayojiwasha yenyewe, kisha ikaandika faili au kuendesha programu nyingine, ni ya kushukiwa. Ni kanuni fupi na naipenda, ingawa makro ya mhasibu mwenye bidii inaweza kunaswa humo humo.

Kibaya zaidi ni jibu la "hakuna makro". Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka intaneti, na mwaka huohuo ikajulikana kasoro ya usalama iitwayo Follina (namba yake rasmi CVE-2022-30190), ambapo waraka wa Word uliita ukurasa wa mbali na kuendesha amri pasipo makro hata moja. Hapo olevba ikikwambia haikuona makro, imesema kweli tupu, na anayeishia hapo ameshaliwa. Ilibidi kuuliza swali jingine, kwa oleobj, nayo ya oletools, inayoonyesha viungo vya nje vilivyofichwa ndani ya waraka.

Kwa nini basi bado nazitetea? Kwa sababu ya faili lenyewe. Ukilipakia VirusTotal, tovuti ya kukagua mafaili, unapata majibu ya programu nyingi za kusaka virusi kwa mpigo, lakini umekabidhi nakala ambayo wateja wa huduma hiyo wanaweza kuipakua. Kwa ankara ya kitapeli, poa. Kwa faili la mgonjwa au mkataba wa siri, umevujisha wewe mwenyewe kile ulichotaka kukilinda. Oletools hukagua kwenye kompyuta yako, hata ukiwa umechomoa waya wa mtandao.

Wapo waliochoka na swali lenyewe la "lina virusi au halina". Dangerzone, inayosimamiwa na Freedom of the Press Foundation, haimshuku mtu: hugeuza kila ukurasa kuwa picha ndani ya eneo lililotengwa, kisha huunda PDF mpya kutokana na picha hizo. Kwa mwandishi wa habari anayepokea nyaraka kutoka kwa asiowajua, hiyo ndiyo ningempa kwanza. Mhasibu atagoma, maana jedwali lake litarudi likiwa picha, fomula zote zimekwenda.