Pauni 1,850 kwa tunguu moja: nani analipia ua la snodropu?

Mwaka 2022, katika mnada wa mtandaoni nchini Uingereza, tunguu moja la ua liliuzwa kwa pauni 1,850. Kwa viwango vya wakati ule hizo zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 5 za Tanzania, kwa kitu kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Ua lenyewe ni snodropu, jeupe, fupi, lenye kichwa kilichoinama, na aina hiyo iliitwa 'Golden Tears' kwa alama zake za manjano. Kila inapotokea bei ya namna hii magazeti huiandika, na wasomaji wengi hujibu kwamba wakusanyaji wamezidi. Nami naona wakusanyaji hawa wana maswali mazito ya kujibu. Ila bei si mojawapo, na kwa kuwa bei ndiyo inayopigiwa kelele, yale mazito hayaulizwi.

Kwanza tuuangalie mmea. Snodropu ni wa jenasi Galanthus, yenye spishi ishirini na kitu zinazoota porini kuanzia milima ya Ulaya magharibi hadi Uturuki, Kaukazi na Iran. Ua lina petali sita tu: tatu za nje, kwa kawaida nyeupe tupu, na tatu fupi za ndani zenye alama ya kijani. Juu yake kuna ovari ya kijani, yaani kifuko cha mbegu. Basi. Kutokana na vitu hivyo vichache wapenzi wa bustani wametambua na kuzipa majina aina zaidi ya 2,000. Moja alama yake imegawanyika mara mbili, nyingine imechukua petali nzima. 'Grumpy' ina alama zinazoonekana kama uso wa mtu aliyenuna. 'Trym' petali zake za nje zimeiga zile za ndani, alama na yote. Zipo zenye petali nyingi zilizosongamana, na zipo ambazo kijani chote cha ua kimegeuka manjano, kama 'Wendy's Gold'.

Mtu asiyezijua ataziona zote ni ua moja, na hapo ndipo lawama ya kwanza inapoanzia: kwamba tofauti hizi ni ndogo mno kustahili shauku kubwa hivi. Siikubali. Mgeni akiingia duka la kanga Mombasa au Zanzibar huona vitambaa vya rangi rangi. Mwenye kanga zake sandukuni huona pindo, mji na jina, na anajua ipi ilitoka mwaka gani na nani alimpa. Jicho hufundishwa. Na ua hili lina namna yake ya kulifundisha, kwa maana huwezi kuiona alama ya ndani ukiwa umesimama. Ni lazima upige magoti kwenye udongo wenye baridi, uliinue ua kwa kidole.

Msimu nao una sehemu kubwa. Snodropu huchanua Januari na Februari, wakati bustani za Uingereza zimelala na jua huzama mapema. Usiku wa barafu mmea mzima hulala chini kana kwamba umekufa, halafu joto likirudi husimama tena. Mtu anayependa waridi hupata raha yake Juni pamoja na kila mtu. Anayependa snodropu amejipatia sababu ya kutoka nje katika miezi ambayo wenzake wamefunga milango, na bustani kadhaa kubwa sasa hupata wageni na mapato Februari kwa sababu ya ua hili peke yake. Pale Anglesey Abbey, Cambridgeshire, aina kadhaa ziligunduliwa zikiota kwenye jalala la zamani. Nani angelichungulia jalala hilo kama si mtu aliyekwisha kufundisha jicho lake?

Kisha kuna watu. Mwaka 1874 Henry John Elwes, Mwingereza mwenye shamba la Colesbourne, Gloucestershire, aliikuta snodropu kubwa yenye majani mapana katika milima iliyo karibu na Smyrna, mji unaoitwa Izmir leo. Spishi hiyo ina jina lake, Galanthus elwesii, na Colesbourne bado hufunguliwa kila Februari kwa wanaokuja kuangalia maua. Samuel Arnott, kiongozi wa mji mdogo wa Maxwelltown huko Scotland, alikuwa na snodropu ndefu yenye harufu ya asali iliyokuja kufika mikononi mwa Elwes. Leo 'S. Arnott' iko katika maelfu ya bustani. Mkusanyaji anaponyoosha kidole kwenye kitalu chake anataja watu: huyu alinipa fulani, hii ilitoka kwa mjane wa fulani. Mimea hii huhama kwa kugawana, tunguu kwa tunguu, mara nyingi bila senti kubadilishana mikono.

Kisa cha James Allen wa Shepton Mallet, Somerset, kinaeleza kwa nini kugawana si ukarimu tu. Huyu mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa mkusanyaji mashuhuri kuliko wote, na alizalisha aina zaidi ya mia moja. Ukungu wa kijivu na mabuu ya nzi wanaokula matunguu viliingia bustanini kwake vikafagia karibu zote. Zilizobaki, kama 'Magnet' na 'Merlin', tunazo kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kufika kwa watu wengine. Wahenga walisema akiba haiozi. Tunguu huoza, na aina iliyofichwa katika bustani moja iko msimu mmoja tu mbali na kutoweka.

Turudi kwenye bei sasa. Snodropu mpya huanza na tunguu moja duniani. Ili kuzizalisha haraka, fundi hulikata tunguu wakati limelala, vipande kumi na sita au zaidi, kila kipande kikiwa na sehemu ya kitako chake. Vipande huhifadhiwa gizani wiki kadhaa hadi vijitunguu vichomoze, kisha husubiriwa miaka miwili, mitatu, minne hadi vichanue. Unaponunua katika mwaka wa kwanza unalipia kusubiri huko. 'E. A. Bowles' iliuzwa pauni 357 mwaka 2011, na leo hupatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo kwa sababu matunguu yameongezeka. 'Elizabeth Harrison' yenye ovari ya manjano ilifika pauni 725 mwaka 2012; 'Golden Fleece', kazi ya miaka mingi ya mzalishaji Joe Sharman, pauni 1,390 mwaka 2015. Zote zinateremka njia hiyo hiyo. Mwenye fedha hulipa ili awe wa kwanza, mwenye subira hupata ua lile lile baadaye. Sioni aliyedhulumiwa hapo.

Madhara ya bei yapo, ila ni ya aina nyingine. Bei imeleta wezi. Wenye bustani wamechimbiwa matunguu usiku, na baadhi wameacha kuonyesha hadharani walicho nacho. Bustani iliyozoea kuacha lango wazi inapoanza kuficha mimea yake, mila nzima ya kugawana inaumia. Bei pia inamshawishi mtu kuipa jina kila mche uliojiotea wenyewe kwenye mbolea ya majani. Kati ya hizo aina 2,000 na zaidi, nyingi hazitofautiani na jirani zake, na baadhi ni dhaifu kiasi cha kufa zikihamishwa. Aina za manjano zinazosifiwa ndizo hasa zinazosumbua. 'Lady Elphinstone', kwa mfano, ikihamishwa inaweza kuchanua kijani mwaka mmoja au miwili kabla ya kurudi kwenye manjano yake. Wakati huo huo 'S. Arnott' na 'Magnet', za bei nafuu na zenye nguvu, ndizo zilizotunukiwa tuzo ya ubora bustanini na Royal Horticultural Society, chama cha bustani cha Uingereza. Kwangu mimi mkusanyaji aliyezipuuza hizo akakimbilia lebo mpya amekwisha kuacha ua akafuata uhaba.

Lakini swali lililo zito kuliko yote haliko kwenye mnada. Liko kwenye mfuko wa bei ya chini unaouzwa dukani wenye matunguu makavu yasiyo na jina la aina. Tunguu la pauni 1,850 lilizaliwa bustanini na halijaupunguzia mlima wowote kitu. Lile la senti chache linaweza kuwa limechimbwa porini. Katika miaka ya 1980 Uturuki ilikuwa ikisafirisha mamilioni ya matunguu ya porini kila mwaka, na hiyo ni sababu mojawapo ya jenasi nzima kuwekwa chini ya mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 1990. Georgia hadi leo ina kiwango kilichokubaliwa cha Galanthus woronowii, matunguu milioni 15 kwa mwaka, na mengi huchimbwa na wanavijiji ambao hiyo ni fedha yao ya msimu. Siwezi kusema uchimbaji huo usimamishwe tu. Ukipimwa vizuri unampa mwanakijiji sababu ya kuutunza mlima. Ninachosema ni kwamba anayemcheka mkusanyaji huku amebeba mfuko ule amekosea mtu wa kumcheka.

Wakusanyaji nao hupenda kujitetea kwamba wao ni wahifadhi. Hapa wanavuka mpaka, na sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kuwaambia kwa nini. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Wajerumani huko Tanga, alipeleka kwao ua dogo la zambarau la Usambara. Mwaka uliofuata Hermann Wendland aliliandika kisayansi kwa jina la Saintpaulia. Leo kuna maelfu ya aina zake kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, na vyama vya kulishindanisha. Huku nyumbani spishi za porini zimebaki kwenye miamba yenye kivuli ndani ya misitu inayopungua, na vyungu vyote vya dirishani havijaurudisha msitu hata ekari moja. Snodropu ni hivyo hivyo. Galanthus panjutinii ilitambuliwa kuwa spishi mpya mwaka 2012, na tayari mojawapo ya sehemu zake chache ilikuwa imeharibiwa na ujenzi wa Olimpiki ya Sochi, Urusi. Aina elfu mbili za Uingereza haziifai kitu hiyo.

Hata hivyo jicho lile lililofundishwa lina kazi yake. Galanthus bursanus ya kaskazini-magharibi mwa Uturuki ilitangazwa mwaka 2019 baada ya mtaalamu wa snodropu nchini Ukraine kuziona picha zilizowekwa Facebook na mtu aliyekuwa matembezini, akatambua kwamba hiyo haifanani na nyingine yoyote. Ua lililokuwa likipitwa na watu lilipata jina, na lisilo na jina haliwezi kuingizwa kwenye orodha ya ulinzi.

Tangu mwaka 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, mpenzi wa bustani aliyekuwa akimtumia rafiki yake wa Ubelgiji matunguu mawili kwenye bahasha anahitaji vibali vya CITES na cheti cha afya ya mimea. Wengi wameacha. Wanasema sheria iliyotungwa kwa ajili ya milima inawabana wenye bustani, huku mzigo wa mamilioni ukipita kwa karatasi moja. Naelewa uchungu wao, lakini tunguu likiwa limelala halionyeshi lilizaliwa wapi, na ofisa wa mpakani hana namna ya kulitofautisha la bustanini na lililong'olewa Kaukazi. Kibali kibaki, ila kiwe cha bei ndogo kwa aina zenye majina na rekodi. Na mfuko wa dukani nao ulazimishwe kuandika, kwa herufi zinazosomeka, matunguu yake yalilimwa au yalichimbwa, na wapi.