Kukataa kubeba sio kumziba mtu mdomo: nodi ya nyumbani na ugomvi wa Core na Knots

Nina nodi ya Bitcoin nyumbani, kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi na diski ya SSD ya tera mbili, inakaa pembeni ya tv na taa yake ndogo inawaka usiku kucha. Toka Oktoba 2025 wadau wananiuliza kitu kimoja, "we uko Core au Knots?", yaani nodi yangu inatumia programu ipi kati ya hizo mbili, alafu kuna binamu yangu hana habari kabisa na hayo makundi, yeye aliniuliza swali zuri zaidi, kwamba hiyo mashine yako kaka inamsaidia nani kusema chochote kwenye nchi hii? Nimekaa nalo hilo swali muda mrefu na nikaona haya mawili yana jibu moja, ila lenyewe halijanyooka, ndo maana naandika marefu.

Kwa asiyejua, nodi ni kompyuta yenye nakala ya daftari zima la Bitcoin kuanzia tarehe 3 Januari 2009, sasa hivi limeshavuka giga 600, na kazi yake ni kukagua kila muamala na kila bloku (fungu la miamala linaloongezwa kwenye daftari) yenyewe bila kumuuliza mtu, kisha inapitishia nodi nyingine. Haichimbi, yaani haitengenezi bloku mpya, hiyo ni kazi ya wachimbaji, na hailipwi hata senti. Na wengi hawajui kwamba hilo daftari lilianza na maneno, manake kwenye bloku ya kwanza kabisa Satoshi Nakamoto, aliyeanzisha Bitcoin, aliweka kichwa cha habari cha gazeti la The Times la siku hiyo, kuhusu waziri wa fedha wa Uingereza kukaribia kuyaokoa mabenki kwa mara ya pili. Kwa hiyo anayesema mle ndani ni pesa tu na maneno yameingia juzi, hapana, maneno yamo toka ukurasa wa kwanza.

Sasa ugomvi wenyewe. Kwenye muamala kuna kanafasi kanaitwa OP_RETURN, pale unaweza kuandika kitu kisichohusu malipo. Kwa miaka mingi nodi zenye programu ya Bitcoin Core zilikuwa kwa kawaida hazipitishi muamala wenye zaidi ya baiti 80 hapo, yaani sentensi moja fupi basi. Toleo la 30 lililotoka Oktoba 2025 likapandisha hicho kiwango mpaka baiti 100,000. Waliochukia wakahamia Knots, programu inayosimamiwa na Luke Dashjr, ambayo inachuja vitu vya namna hiyo, na haikupita muda karibu nodi moja kati ya tano zinazoonekana mtandaoni ikawa Knots. Wa Core wanasema wenzao wanafanya udhibiti, wa Knots wanajibu kompyuta ni yangu, umeme nanunua mwenyewe, kwa nini nibebe takataka zako. Na pande zote mbili zinaapa zinatetea uhuru.

Nianze na kisa ambacho kwangu ndo hoja kubwa ya kuacha maneno yapite. Aprili 2018 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Peking anaitwa Yue Xin aliandika barua ya wazi. Yeye na wenzake walikuwa wameomba chuo kitoe taarifa za kesi ya zamani ya mwalimu aliyetuhumiwa kumbaka mwanafunzi, na badala ya kujibiwa akaanza kubanwa yeye, mpaka mshauri wa wanafunzi akaja bwenini usiku wa manane akiwa ameongozana na mama mzazi wa Yue Xin. Barua ikawa inafutwa mitandaoni huko China, watu wanaiweka inafutwa, wanaiweka inafutwa. Ndipo mtu asiyejulikana akaiweka nzima ndani ya muamala wa Ethereum, mtandao mwingine wenye daftari la wazi kama Bitcoin, akatuma etha (sarafu yake) sifuri, ada yenyewe haikufika dola moja. Ipo mpaka leo na hakuna ofisi yoyote duniani ya kwenda kuomba ifutwe. Mi kila nikikumbuka hiki kisa nasisimka, kwa sababu aliyeiweka hakuwa na gazeti wala redio, alikuwa na senti chache na akili.

Ila watu wengi waliisoma kupitia Etherscan, tovuti inayoonyesha daftari la Ethereum, na tovuti ni mlango mmoja, ukifungwa mmebaki nje wote. Mwenye nodi yake anaisoma kwenye diski yake mwenyewe. Hapa ndo watu huwa wanapuuza, wanasema kripto haina mwenye nayo wakati wao wenyewe wanaingilia kwenye mlango wa kampuni. Machi 2022 Infura, kampuni ambayo pochi ya MetaMask inaitegemea kusoma daftari la Ethereum, ilikuwa inarekebisha mitambo yake kwa ajili ya vikwazo vipya ikakosea mipaka, na watu wa Venezuela wakajikuta hawawezi kutumia pochi zao. Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Daftari lilikuwa zima, hela zao zilikuwepo, walichokosa ni pa kupitia. Mwenye nodi yake siku hiyo hata asingejua kuna tatizo.

Na Nigeria, Oktoba 2020 wakati wa maandamano ya EndSARS ya kupinga ukatili wa polisi, akina dada wa Feminist Coalition walikuwa wanachanga hela za mawakili, matibabu na chakula cha waandamanaji, njia zao za benki zikafungwa, wakahamia Bitcoin kwa programu ya BTCPay Server. Hiyo programu imejengwa juu ya nodi unayoendesha mwenyewe, hakuna kampuni katikati ya kupigiwa simu. WikiLeaks, wale wanaoanika nyaraka za siri, nao walishapitia hayohayo, Desemba 2010 Visa, Mastercard na PayPal waliwakatia michango, na mwaka uliofuata wakaanza kupokea Bitcoin. Ukimnyima mtu hela ya seva na nauli ya wakili umemnyamazisha bila kumgusa mdomo, kwa hiyo mtu asiniambie pesa na uhuru wa kusema ni vitu viwili mbalimbali.

Haya, upande wa pili, na huu nauheshimu sana.

Barua ya Yue Xin ipo, yeye mwenyewe je? Agosti 2018 polisi walivamia nyumba huko Huizhou wakamchukua pamoja na wenzake waliokuwa wanaunga mkono wafanyakazi wa kiwanda cha Jasic. Daftari lilitunza maneno, mwenye maneno halikumtunza. Hili inabidi tuliseme waziwazi kabla hatujawaambia vijana wetu kwamba teknolojia itawakinga, kwa sababu polisi hawahitaji kufuta barua wakishampata mwandishi. Tena daftari la Bitcoin liko wazi kwa kila mtu, askari akiwemo. Canada Februari 2022, wakati wa msafara wa maandamano wa madereva wa malori, polisi walisambaza orodha ya anwani 34 za kripto kwa makampuni ya kubadilishia fedha wazizuie, na walizipata bila shida kwa sababu ziko peupe kwa kila mwenye macho. Nodi yako inakufichia maswali unayoliuliza daftari, yaani hakuna kampuni inayojua unaangalia anwani ipi. Muamala ukishatoka, umetoka.

Alafu kuna hili linaloninyima raha kabisa. Kitu kisichofutika hakichagui. Barua ya binti anayedai haki haifutiki, na picha ya utupu ya binti mwingine iliyosambazwa na mwanaume aliyeachwa haitafutika vilevile. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha RWTH Aachen cha Ujerumani walipekua daftari la Bitcoin wakakuta faili zaidi ya 1,600, na chache kati yake zilikuwa za uchafu ambao nchi nyingi ukikutwa nao ni jela. Na hapo ilikuwa kabla ya Januari 2023, kabla Ordinals, njia ya kupachika picha ndani ya miamala ya Bitcoin, hazijaanza na watu kuanza kumwaga mapicha kwa wingi. Sasa mzazi mwenye nodi sebuleni akisema hataki mashine yake ipokezane vitu hivyo, mi nani nimwite mdhibiti? Mtu anayekataa kubeba mzigo wa mwenzie hajamfunga mdomo mwenye mzigo. Bodaboda akikataa abiria, zipo nyingine kijiweni. Neno udhibiti tuliachie pale ambapo anayekataa ndo njia peke yake, au pale wote waliobaki wamepewa amri moja.

Kwa hiyo nina upande wa Knots moyoni kwenye hilo la haki ya kukataa. Tatizo ni kwamba chujio lao halifanyi wanachokiamini. Linazuia nodi yako isipitishe muamala ukiwa bado kwenye foleni ya kusubiri kuingizwa kwenye bloku, lakini muamala huohuo ukishaingizwa kwenye bloku na mchimbaji, nodi yako itaupokea na kuuandika kwenye diski kama wengine, vinginevyo uwe umejitoa kwenye Bitcoin. Na kumfikia mchimbaji moja kwa moja sio kazi, toka 2024 kampuni ya MARA ina huduma inaitwa Slipstream, unawapelekea muamala mkubwa wao wenyewe wanauingiza, nodi za mtaani hazijaulizwa. Picha nyingi za Ordinals hata hazipiti kwenye OP_RETURN, zinapita sehemu nyingine ya muamala ambako hizo baiti 80 hazikuwahi kuhusika. Nikiambiwa chujio linalinda watoto wetu, namuelewa mtu anatoka wapi, ila sikubali.

Hatari mi naiona kwingine kabisa, kwa wachache wanaotengeneza bloku. Vyama viwili tu vya wachimbaji, Foundry na AntPool, mara nyingi vinatoa karibu nusu ya bloku zote za Bitcoin. Kule Ethereum tuliona kwa macho, Agosti 2022 Marekani ilipoiwekea vikwazo Tornado Cash, huduma ya kuchanganya sarafu ili zisifuatiliwe, ndani ya miezi michache bloku nyingi zikawa zinapita kwa wapitishaji wanaoruka miamala iliyoguswa na vikwazo hivyo, bila sheria yoyote ya mtandao wenyewe kubadilika, watu wameogopa tu. Na hiyo amri ya Marekani ilikuja kuondolewa Machi 2025 baada ya mahakama ya rufaa kusema wizara ya fedha ya huko ilivuka mipaka. Fikiria kama kipindi kile uoga ungekuwa umeshaandikwa ndani ya sheria za daftari.

Bitcoin nayo iliguswa. Novemba 2023 mtaalamu anayetumia jina la 0xB10C aligundua kwamba F2Pool, chama kikubwa cha wachimbaji, kilikuwa kinaruka miamala ya anwani zilizowekewa vikwazo. Aligunduaje? Kwa nodi. Alikuwa analinganisha miamala iliyoko kwenye foleni ya nodi yake na iliyoingia kwenye bloku, akaona kuna yenye ada nzuri inarukwa na mtu yuleyule. Akaweka hadharani, na mmoja wa waanzilishi wa F2Pool akajitokeza akasema watalizima hilo chujio. Hii ndo kazi ya nodi kwa jinsi ninavyoiona, inakufanya uwe shahidi. Sauti haikupi, wala hailazimishi mchimbaji akuandike, ila ukionewa au jirani yako akionewa unaona mwenyewe bila kusubiri kampuni ikwambie, na mashahidi wakiwa maelfu kwenye nchi tofauti ni vigumu jambo kufanyika gizani.

Kwa hapa kwetu ni kugumu zaidi na nisimdanganye mtu. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa Tanzania siku ya uchaguzi, ikakaa siku kama tano. Nodi yangu ilisimama kwenye bloku ya mwisho iliyopata ikabaki hapohapo. Shahidi aliyefungiwa ndani haoni kinachoendelea nje, na wiki ile tulihitaji kuona na kusikia kuliko wiki nyingine yoyote ninayoikumbuka. Ipo njia ya Blockstream, toka 2017 wanarusha bloku kwa satelaiti, unahitaji dishi tu kama la king'amuzi na kifaa cha kupokelea, lakini hiyo ni kupokea, kutuma huwezi. Wakati wa kawaida kuna bando, nodi iliyoachiwa inaweza kupakia giga 200 kwa mwezi, kwa hiyo mi nimeiwekea kikomo. Kuna sheria pia. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki, alafu sheria ya fedha ya 2024 ikaweka kodi ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitaka wanaotumia VPN wajisajili. Anayetaka kupitisha nodi yake kwenye Tor, mtandao unaoficha mtumiaji alipo, ili asionekane, ayajue hayo kwanza, asije akaniambia sikumwambia.

Kwa binamu yangu nilijibu hivi, inamsaidia mtu ambaye tayari ameamua kusema na anahitaji uhakika kwamba mchango wake umefika na hakuna aliyeuchezea, kwa anayeogopa bado haimsaidii kitu. Akasema basi ni kidogo. Nikakubali ni kidogo.

Na kwa wanaouliza niko wapi, nimebaki Core na kiwango cha OP_RETURN nimekirudisha chini mwenyewe kwenye mipangilio, inaruhusu. Intaneti iliporudi nilikaa pale sebuleni naangalia ikikagua bloku zaidi ya 700 ilizokosa, moja moja, mpaka ikawafikia wenzake. Mwezi ujao nataka niihamishie kwenye hali ya kupunguza daftari, ambayo inakagua kila kitu toka 2009 halafu inatupa data za zamani na kubaki na kiasi kidogo, ukitaka hata mega 550. Ukaguzi unabaki uleule, mapicha mengi ya watu hayabaki kwenye diski yangu. Ila nikifanya hivyo nodi mpya ya kijana mwingine haitaweza kuomba historia nzima kutoka kwangu, itabidi aombe kwa mwingine, na hapo ndo bado sijaamua.