Ndege Ndogo Kuishiwa Mafuta: Je, Ni Uzembe Tu?

Ndege ndogo inapoanguka kwa kuishiwa mafuta, wengi hutoa hukumu kabla uchunguzi haujaanza: rubani alizembea. Hoja hiyo ina nguvu. NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya 2011 na 2015 ajali zilizohusu usimamizi wa mafuta zilikuwa kwa wastani zaidi ya 50 kila mwaka, na karibu zote zilitokana na watu, si mitambo. Hata hivyo, karibu nusu ya marubani hao walikuwa na leseni za kibiashara au za juu zaidi, na wanafunzi walikuwa wachache mno.

Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayonizuia kuridhika na neno uzembe. Mwanafunzi hufungua kifuniko cha tangi na kuchovya kijiti cha kupimia kama alivyofundishwa, ilhali mzoefu huweza kuegemea kumbukumbu yake na geji, ambayo katika ndege nyingi za zamani hufuata kiboya kinachoyumba pamoja na mafuta. Upepo wa mbele ukizidi uliotabiriwa, safari hurefuka huku injini ikinywa kiasi kilekile kwa saa, na akiba huliwa kimyakimya.

Kanuni nayo ina pengo. Nchini Marekani, rubani wa ndege anayeruka kwa kutegemea macho haruhusiwi kuanza safari bila mafuta ya kumfikisha aendako pamoja na akiba ya dakika 30 mchana au 45 usiku. Neno zito hapo ni kuanza, kwa kuwa akishapaa, kanuni hiyo haimwamuru atue akiba inapoguswa. Kwa ndege za abiria, utaratibu wa kimataifa humtaka rubani atangaze Mayday, yaani wito wa dharura, pindi hesabu inapoonyesha kwamba atatua na mafuta pungufu ya akiba ya mwisho.

Wanaopinga kuwabana hivyo marubani binafsi wanahofu kwamba mtu aliye peke yake, akiogopa adhabu, atanyamaza au atakimbilia kutua penye ukungu. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini naona dawa yake ni kumwondolea adhabu anayetangaza mapema. Akiba isiyo na mpaka angani humwacha rubani akijadiliana nayo: uwanja wa njiani anauona, kutua kujaza mafuta kutamchelewesha, na aendako kumebaki dakika chache tu.